Kumwandaa Kiongozi wa Kujitolea Awatoe Vijana Nje: Mwongozo Kamili kwa Dodoma na Kanda ya Kati

Mambo huenda hivi karibu kila mwaka. Kikundi kinakodi ukumbi, kinaita watu 30 wanaotaka kujitolea, kinawapa semina ya siku mbili yenye projekta, soda na vyeti. Jumamosi inayofuata watoto wanapelekwa mlimani. Kiongozi anasimama chini ya mgunga na kuhutubia umuhimu wa mazingira kwa dakika 40. Walio nyuma wanarushiana mawe, maji yanaisha kabla ya saa tano, mtoto mmoja anashikwa na kizunguzungu. Baada ya miezi michache programu imekufa, na waandaaji wanasema vijana wa siku hizi hawapendi mazingira.

Hilo si kweli. Mpeleke mtoto yeyote wa Chang'ombe au Nkuhungu, mitaa ya Dodoma mjini, kwenye korongo lenye mchanga, mwonyeshe alama za nyayo, kisha mwulize nani amepita hapa usiku. Utaona kama hapendi. Kinachokosekana ni mtu mzima aliyezoezwa kumwongoza. Semina ilimjaza maneno bila kumpa zoezi hata moja.

Mwongozo huu unageuza mpangilio huo. Anayejitolea ataanza kuongoza tangu wiki za mwanzo: kitu kidogo, kwa dakika chache, mbele ya wenzake, huku mkufunzi akimwangalia. Umeandikwa kwa ajili yako wewe mkufunzi au mratibu, uwe wa klabu ya shule, kundi la Skauti, vijana wa kanisa au msikiti, au kikundi cha mtaa.

## Utakachohitaji kabla ya kuanza

Watu. Mkufunzi mmoja kwa wanaojitolea 8 hadi 10. Ukiwa na 30, gawa makundi au punguza watu. Tafuta mtu mmoja aliyefunzwa huduma ya kwanza kikweli, mfano muuguzi au mtu wa Msalaba Mwekundu. Tafuta pia mzee mmoja wa eneo lenyewe, anayejua miti, njia na tabia ya makorongo. Usimwache mzee huyu nje ya mpango kwa sababu hana cheti; anajua mambo ambayo hayamo kwenye kijitabu chochote.

Eneo moja. Liwe umbali usiozidi nusu saa kwa miguu kutoka barabara inayofikika kwa gari, lenye kivuli na lenye mtandao wa simu. Vilima vya mawe vinavyouzunguka mji, kingo za korongo, shamba la shule lenye vichaka, vyote vinatosha. Walio Singida wana maziwa Singidani na Kindai karibu na mji, na ndege wa kutazama hawakosekani. Usianzie hifadhini. Kiongozi anayeweza kuongoza mahali pa kawaida ataweza hifadhini. Kinyume chake si hakika.

Ruhusa. Kwenye ardhi ya kijiji au mtaa, anza na mwenyekiti na mtendaji. Msitu wa hifadhi wa serikali kuu uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), mapori ya akiba yako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA), hifadhi za taifa ziko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Watoto wakitoka kupitia shule, mwalimu mkuu na afisa elimu wajue kwa barua, siyo kwa simu tu.

Muda. Wiki nane, Jumamosi asubuhi. Kwa Dodoma, wakati mzuri ni Juni hadi Agosti: kuna baridi kidogo, mavuno mengi yameshaingia ndani, na watu wana nafasi. Oktoba na Novemba jua ni kali mno kwa wanaoanza. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kwa kawaida Desemba hadi Aprili, na miezi hiyo wanaojitolea wengi wako shambani. Ukianza Januari utabaki na watu watatu.

Vifaa kwa kundi la watu 10:

- dumu la maji la lita 20 pamoja na chupa ya kila mtu
- filimbi kwa kila kiongozi
- sanduku la huduma ya kwanza: bandeji, glavu, plasta, sabuni, mkasi, kibano, pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa aliyepungukiwa maji mwilini), chupa ya maji safi ya kuosha jicho au kidonda
- kanga mbili (kivuli, kombeo la mkono, machela ya dharura) na turubai
- simu mbili za mitandao tofauti, zenye chaji na salio
- kamba ya mita 10 yenye fundo kila mita, fimbo iliyonyooka, vioo viwili vya kukuzia
- daftari na penseli
- orodha ya majina kwenye karatasi, na fomu ya ridhaa ya mzazi yenye namba ya simu, mzio, pumu, kifafa, selimundu (sickle cell) na dawa anazotumia mtoto

Fomu hiyo watu huiona kama usumbufu. Siku mtoto mwenye selimundu atakapochoka juani, ndiyo karatasi pekee itakayokwambia kwamba huyu hahitaji kutiwa moyo aendelee. Anahitaji kivuli, maji na kurudishwa.

## Hatua ya 1: Chagua watu, na uchague wachache

Mwite kila anayetaka kujitolea mkae mzungumze nusu saa. Usimwulize kama anapenda mazingira, maana hakuna atakayekataa. Mwulize: mara ya mwisho ulikaa na watoto kumi ni lini, na mlifanya nini? Jumamosi zako zikoje? Mtoto akikukaidi mbele ya wenzake, unafanyaje?

Awe na umri wa miaka 18 au zaidi. Alete majina ya watu wawili wanaomfahamu, mmoja wao kiongozi wa mtaa au mwajiri, kisha uwapigie kweli. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa kila aliye chini ya miaka 18, na inakataza kumtesa au kumtendea ukatili wa aina yoyote. Mwambie mapema, bila kuzungukazunguka, kanuni tatu zisizojadiliwa:

1. Hakuna mtu mzima kubaki peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana.
2. Hakuna fimbo, matusi wala adhabu ya kuchosha mwili.
3. Picha ya mtoto hairushwi mtandaoni bila idhini ya mzazi.

Wape pia namba 116 ya simu ya huduma kwa mtoto, wajue pa kupeleka habari ya mtoto anayeonewa, hata kama anaonewa nyumbani.

Suala la fedha liseme siku hiyo hiyo. Kama unarudisha nauli ya daladala, taja kiasi. Kama hakuna posho, sema hakuna. Wanaojitolea hawakimbii kwa kukosa posho tu. Wanakimbia kwa kuhisi walidanganywa.

Tahadhari: usimpokee mtu kwa sababu ameletwa na mheshimiwa. Asiyekubali kupigiwa simu wadhamini wake, mshukuru na umwache.

Umefaulu ikiwa: una watu 8 hadi 10, wanawake na wanaume, kila mmoja ametia sahihi kanuni hizo na anazirudia kwa maneno yake mwenyewe.

## Hatua ya 2: Litembeeni eneo bila watoto

Nendeni mapema, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, pamoja na yule mzee. Kabla ya kuingia, pitieni kwa wenyeji kuwasalimu. Kwa wazee wa Kigogo, "mbukwenyi" moja iliyotoka moyoni hufungua njia kuliko barua yenye mhuri. Hao ndio watakaokuwa na macho siku mtoto akipotea.

Kila anayejitolea achore ramani yake kwa mkono. Aweke njia, vivuli, mizinga au matundu ya nyuki, miamba inayoteleza, mashimo ya machimbo ya mchanga, mahali simu inashika, mahali gari linafika. Kisha linganisheni ramani. Kitu ambacho mmoja amekiona na tisa hawakukiona ndicho cha kujadili.

Mkishuka, msiende nyumbani. Nendeni moja kwa moja mpaka kituo cha afya kilicho karibu, mwangalie mtatumia dakika ngapi, na muulize ana kwa ana: mna dawa ya sumu ya nyoka? Mnafungua Jumamosi? Kama dawa haipo, ulizeni ipo wapi. Msidhani tu kwamba zahanati iliyo karibu inayo. Jibu hilo liandikwe nyuma ya kila ramani, pamoja na namba 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto na Uokoaji.

Kwa mliopo Kondoa, Chemba au Manyoni, karibu na mapori ya akiba, mwulizeni pia afisa wanyamapori wa wilaya kuhusu tembo na fisi. Akisema wiki hii tembo wamevuka upande huo, ahirisheni.

Umefaulu ikiwa: kila mmoja anaweza kukupeleka kwenye sehemu tatu za kivuli na mahali gari linafika, bila kuangalia ramani.

## Hatua ya 3: Usalama kwa kuigiza

Hapa ndipo semina nyingi huharibika. Mtu anasoma slaidi ya "Hatari za Porini", wote wanaitikia, na hakuna aliyeinua mkono wa mgonjwa hata mara moja. Tenga Jumamosi mbili. Mnatembea kawaida, kisha mkufunzi anamnong'oneza mmoja: "Umeumwa na nyoka mguuni." Huyo anakaa chini. Wengine watende, mkufunzi ashike saa na kunyamaza. Rudieni mpaka mikono ijue cha kufanya.

Joto na maji. Hili ndilo litakalokukuta mara nyingi kuliko nyoka. Anayetembea juani anahitaji takribani nusu lita kwa saa; kwa asubuhi nzima hesabu lita 2 kwa kila mtu. Anzeni saa moja asubuhi, muwe mmerudi kabla ya saa tano. Kila nusu saa kiongozi anasema "tunywe", na yeye anakunywa mbele yao. Ukingoja mtoto aseme ana kiu, umechelewa.

Mtoto mwenye maumivu ya kichwa, kichefuchefu na jasho jingi: kivuli, alale, ainuliwe miguu, anywe ORS kidogo kidogo. Pakiti zikiisha, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Akianza kuchanganyikiwa, kuropoka au kuzimia, hiyo ni dharura: mwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na safari ya hospitali ianze mkiendelea kumpooza. Asiye na fahamu kamili hanyweshwi kitu.

Nyoka. Kifutu ndiye wa kuogopwa njiani, kwa sababu hakimbii. Analala pale pale na rangi yake inafanana na majani makavu. Kanuni ya watoto: usitie mkono mahali usipopaona, usivuke gogo kabla ya kuangalia ng'ambo yake. Viatu vifunike vidole. Kandambili zibaki nyumbani.

Akiumwa mtu: wote waondoke mahali hapo, mgonjwa atulie, avuliwe bangili, pete na viatu kabla uvimbe haujaanza, mguu ufungwe gango (fimbo au ubao wa kuushikilia) usicheze, abebwe mpaka gari lilipo. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza, msiweke jiwe wala dawa ya kienyeji. Msimfukuze nyoka ili mumpeleke hospitali. Swila akitema jichoni, oshea maji mengi safi kwa dakika 15 hadi 20 na umpeleke mtoto hospitali.

Nyuki. Hupenda matundu ya mibuyu. Kiongozi aukague mbuyu kutoka mbali kabla ya watoto kuusogelea: asikilize, aangalie kama wanaingia na kutoka. Wakivamia, funika uso, kimbia kwa mstari mmoja mpaka ndani ya nyumba au gari, usipunge mikono. Miiba ikwanguliwe mara moja kwa ukucha.

Radi na makorongo. Ukiona mwanga wa radi, hesabu mpaka usikie ngurumo. Ikiwa ni chini ya sekunde 30, shukeni mlimani na mwingie kwenye jengo au gari. Mti uliosimama peke yake si kimbilio. Ngojeni dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Na korongo kavu lisiwe mahali pa kupumzikia msimu wa mvua hata kama juu yenu jua linawaka. Mvua iliyonyesha kilomita kadhaa juu huweza kushusha maji ghafla. Mwombe mzee awaonyeshe alama ya maji ya mwaka wa mvua kubwa. Hakuna anayeiona akabisha tena.

Mabwawa. Iwe Hombolo au lambo la kijiji, watoto hawaingii majini. Kuzama ni sababu ya kwanza, kichocho ni ya pili.

Kuhesabu. Mnapoondoka, kila mnaposimama, mnaporudi. Kila mtoto ana namba yake na anaitamka kwa sauti. Hesabu isipokamilika, hakuna anayesogea hatua moja.

Umefaulu ikiwa: wanaigiza tukio lolote kati ya haya bila kukuangalia usoni kutafuta jibu, na mtu mmoja anachukua uongozi huku mwingine akikaa na wale "watoto" wasioumia. Hilo la pili husahaulika mno. Wote hukimbilia mgonjwa, na watoto 20 waliobaki wanatawanyika.

## Hatua ya 4: Dakika 15 za kuongoza

Kama huna muda wa kufanya mambo yote ya mwongozo huu, fanya hili. Kila anayejitolea anachagua shughuli moja, anaiandaa, anawaongoza wenzake wanaoigiza kuwa watoto wa miaka 11. Dakika 15 tu. Hotuba hairuhusiwi kuzidi dakika 2.

Shughuli nne zinazofaa eneo letu:

Kivuli cha fimbo. Choma ardhini fimbo ya mita 1. Weka jiwe kwenye ncha ya kivuli, subiri dakika 10, weka jiwe la pili. Mstari kutoka jiwe la kwanza kwenda la pili unaelekea mashariki. Kwa kuwa Dodoma iko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kivuli cha saa sita mchana mwezi Juni huangukia kusini, na mwezi Desemba huangukia kaskazini. Waache watoto wabishane kwa nini. Zoezi hili linampima kiongozi kwa namna ya pekee: atafanya nini katika zile dakika za kungoja? Aliyejiandaa atakuwa na jambo la kuwapa.

Nyayo kwenye mchanga. Mapema, kabla upepo haujafuta. Nani alipita? Alikuwa akitembea au akikimbia? Alama ya mbuzi iko juu ya alama ya kanga, basi nani alitangulia? Hapa hata mtoto asiyejua kusoma vizuri darasani anakuwa bingwa, na mara nyingi ni mtoto wa mfugaji.

Mbuyu. Watoto wazunguke shina wakishikana mikono, wahesabu, kisha wapime kwa kamba ya mafundo. Kwa nini hauna majani kiangazi? Kwa nini maua yake hufunguka usiku? Popo huyafuata. Wajadili nani mwingine anautegemea, kuanzia nyuki mpaka mama anayeuza ubuyu sokoni.

Kikao cha kimya. Kila mmoja akae peke yake, aonekane na kiongozi, asiseme kwa dakika 7. Aandike au achore alichosikia na kuona. Kwenye vilima vya mawe wataona pimbi wakiota jua, na michirizi myeupe ya mkojo wao mwambani. Kwa anayejitolea hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu anatamani kusema.

Wafundishe kuuliza kwa mpangilio huu: *Unaona nini? Unadhani kwa nini? Tutajuaje?* Swali "huu ni mti gani?" lina jibu moja, na asiyelijua ananyamaza asubuhi nzima. Swali "unaona nini kwenye gome hili?" halimwachi mtu nje.

Kiongozi asipojua jibu aseme "sijui, tuliandike tukamwulize babu". Watoto wanapewa kazi ya kuuliza nyumbani jina la mti kwa Kigogo, Kirangi au Kinyaturu. Wiki inayofuata wanarudi na majina, na bibi zao wameingia kwenye programu bila kualikwa.

Maoni baada ya kila zoezi. Aliyeongoza anasema kwanza. Kisha wawili waliokuwa "watoto" waseme: hapa nilichoka, hapa nilisahau kwamba ni mazoezi. Mwisho mkufunzi anataja jambo moja tu la kubadili. Ukitaja matano hatabadili hata moja. Halafu, siku hiyo hiyo, arudie shughuli ile ile. Usikubali kuliruka zoezi la marudio kwa kisingizio cha muda. Mara ya kwanza mtu huonyesha alivyozoea. Mara ya pili ndipo anapoanza kujifunza.

Umefaulu ikiwa: katika dakika 15, sauti za "watoto" zinasikika kuliko ya kiongozi, na kila mmoja ameshika kitu, amepima kitu au amebishana juu ya kitu.

## Hatua ya 5: Kulishika kundi

Kiongozi mmoja kwa watoto 8, na kamwe msiwe wazima chini ya wawili, hata watoto wakiwa watano. Palipo na wasichana awepo mwanamke. Mmoja anatangulia na hakuna anayempita. Mmoja yuko nyuma na hakuna anayebaki nyuma yake. Mwendo unapangwa na mtoto anayetembea polepole kuliko wote. Mweke karibu na wa mbele bila kumtangaza.

Filimbi: mlio mmoja, simama. Miwili, njooni. Mitatu ikirudiwa, dharura. Wafanye mchezo mara kadhaa kabla ya kuondoka.

Mambo matatu madogo yanayovunja siku nzima yakisahaulika. Watoto wengine hawajala. Uji au viazi kabla ya kupanda si anasa. Msichana anaweza kuanza hedhi njiani. Kiongozi mwanamke abebe pedi na wasichana wote waelezwe mapema kwamba anazo. Na mahali pa kujisaidia pachaguliwe kabla, upande wa wasichana na wa wavulana, mbali na maji.

Mtoto mkorofi mpe kazi: abebe kamba, ashike saa, awe mhesabu. Akiendelea, atembee kando ya kiongozi. Kumwaibisha mbele ya wenzake kutamfanya awe mkaidi zaidi.

## Hatua ya 6: Watoto halisi, kwa ngazi

Safari ya kwanza anayejitolea ni msaidizi. Anaongoza shughuli moja ya dakika 15, ile aliyoirudia. Ya pili anaongoza nusu ya asubuhi. Ya tatu anaongoza yote, mkufunzi yupo nyuma, haongei isipokuwa kwa ajili ya usalama. Kunyamaza huku ni kazi. Watoto watakugeukia wewe uliyezoeleka. Waelekeze kwake kwa kichwa.

Kabla ya kuondoka kiongozi aandike mipaka yake ya kugeuza safari: maji yakifika nusu kabla ya nusu ya njia, tunarudi, wingu la radi, tunarudi, kiongozi mmoja akiugua, tunarudi. Iandikwe asubuhi akili ikiwa imetulia, kwa sababu mlimani watoto watasihi muendelee na moyo utalainika.

Jioni, andika mistari mitano kwenye daftari la programu: idadi, njia, kilichofanyika, kilichonusurika kuwa ajali, swali ambalo hatukulijibu. Yaliyonusurika yasomwe kwa sauti kwenye kikao cha kila mwezi, bila kumtafuta mkosaji.

Umefaulu ikiwa: unaweza kukosa Jumamosi moja na wazazi wasijue tofauti.

## Panapokwama

*Wanaacha baada ya miezi miwili.* Kwa kawaida wamepewa safari nyingi mno. Mara mbili kwa mwezi kwa kila kiongozi inatosha. Wape pia siku yao wenyewe ya kutembea bila watoto.

*Wazazi wanasema watoto wanapotezewa muda.* Walete wazazi. Kazi inayowashika haraka ni kisiki hai, inayofahamika vijijini kwetu: kuchagua kisiki chenye uhai, kubakiza machipukizi machache yenye nguvu, kupogoa mengine, kufunga kitambaa ili mchungaji ajue kisiki kinatunzwa. Ombeni ruhusa ya mwenye shamba. Msimu mmoja wa mvua ukipita, mzazi ataona mwenyewe.

*Viongozi wanataka safari ya mbali.* Waende, baada ya Hatua ya 6. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, inastahili safari. Ripotini kwanza ofisi inayosimamia michoro hiyo iliyopo Kolo na mfuate mwongoza wageni wao. Viongozi wawazoeze watoto mapema: hakuna kugusa mchoro, hakuna kuumwagia maji ili uonekane vizuri kwenye picha, hakuna kuandika jina mwambani. Wawili watangulie wiki moja kabla, walikague eneo kama mlivyofanya Hatua ya 2, waulizie kituo cha afya na dawa ya nyoka upande ule. Mpaka watakaporudi na ramani yao, usilipie basi.